Sekunde 38 za Mgumu Laini

Jina la Mgumu Laini nilipewa na mtu nisiyemjua, ambaye mpaka leo sijawahi kumwona na sidhani kama ananikumbuka. Aliandika kwenye komenti chini ya video: "Huyu si mgumu, huyu mgumu laini." Wakacheka watu elfu nne na kitu. Kufika jioni, jina nililobatizwa nalo kanisani Kilema likawa limebaki kwa mama yangu na kwenye kitambulisho cha NIDA.

Kwa asiyejua mambo ya mlima, mgumu ni mpagazi wa Kilimanjaro. Ndivyo tunavyoitana. Mgeni anapanda na kibegi cha maji na jaketi lake. Begi lake kubwa, chakula chake, meza, viti, sufuria na mtungi wa gesi tunapanda navyo sisi, na tunatakiwa tumpite njiani ili akifika akute chai. Geti la Marangu kuna mizani, mwisho kilo 20 kwa mgumu, na nimeona mizigo iliyopimwa vizuri pale ikinenepa tena baada ya kona ya kwanza.

Siku ya mwisho tunawaimbia wageni kuwaaga. Ni desturi, na kusema ukweli ni biashara pia, maana baada ya wimbo ndipo tipu inapotoka. Julai 2021, kambi ya Horombo, asubuhi ya kushuka, nilikuwa nimeshajitwika mtungi wa gesi kichwani tayari kuondoka, wimbo ukanikuta hivyo hivyo. Sikuutua. Mikono nikaiachia, kiuno kikafanya kazi yake, mtungi ukatulia kama umejengewa. Dada mmoja wa Kijerumani alikuwa ameshika simu. Sekunde 38. Alipomaliza akanifuata, akaniuliza kama anaweza kuiweka mtandaoni. Nikamwambia hakuna shida, kama mtu anavyosema hakuna shida kwa jambo asilolijua.

Siku ya nne baada ya kushuka, konda wa hiace ya Pasua alikataa nauli yangu. "Wewe ndiye yule wa mtungi?" Abiria wakageuka. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi akaniambia mwanawe analala akiitazama. Nikashuka pale Stendi Kuu ya Moshi natembea kama nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Niseme kweli, ilikuwa tamu. Watu wengi wanaosimulia ubaya wa umaarufu huruka hapa, wanajifanya waliuona uchungu tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka 26 na miaka mitano ya kubebea watu wasiojua jina langu. Kwenye picha za kileleni mgumu hayumo. Mgeni anapopigwa picha pale kwenye bango la Uhuru, mita 5,895, mgumu yuko chini, kambi ya Kibo, anasugua masufuria kwa majivu na maji ya barafu. Cheti kule getini ni cha mgeni. Sasa ghafla mimi ndiye niko kwenye picha na mgeni ndiye kaishika kamera. Nilifungua akaunti yangu usiku ule ule, nikakesha nikijibu komenti mpaka bando likaisha.

Mjomba wangu, aliyenifundisha mlima, hakushtuka. Anapenda kusimulia habari za Machi 2009, lilipopanda kundi la watu maarufu wa Uingereza, Gary Barlow na Cheryl Cole wakiwamo, kuchangisha fedha za shirika la hisani la Comic Relief. Walifika kileleni, na fedha zilizopatikana zilikuwa mamilioni ya pauni, hilo halina ubishi. Anachopenda kusimulia mjomba ni kingine: huku kwetu watu walikuwa wanaulizana, hao ni akina nani? Kwao huko mtu hawezi kununua mkate bila kuzongwa, huku ni mzungu tu anayetembea pole pole na kutapika kama wazungu wengine. "Begi la staa," alisema mjomba, "linapimwa kwenye mizani ile ile." Nilimwona mzee ana wivu.

Kilichoanza kuniharibia ni dukani kwa Mangi, pale mtaani kwetu Njoro.

Mangi ana daftari la madeni, na kila mgumu wa mtaa ule ana ukurasa wake. Mlima una misimu. Masika safari zinakatika, unakula kwa daftari. Juni wageni wanarudi, unalipa, unaanza upya. Ule ukurasa ndio benki yetu, na hauhitaji dhamana zaidi ya Mangi kukujua wewe ni mtoto wa nani na kwamba ukishuka mlimani unapita kwake kabla ya baa. Novemba ile nilikwenda kuchukua unga, sukari na sabuni. Mangi akaniangalia juu ya miwani.

"Unakopa?"

"Kama kawaida, Mangi. Nina safari tarehe kumi na mbili."

"Wewe? Mtu wa watu milioni mbili?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavuta kikokotoo chake, kile chenye vitufe vilivyofutika namba. "Tuseme kila mtu kakupa shilingi moja. Moja tu, Yesu na Maria! Ni milioni mbili hizo. Unakuja kukopa unga kwangu mimi mwenye wateja arobaini?"

Ningemwelezaje? TikTok walikuwa na mfuko wao wa kuwalipa watengenezaji wa video, waliouanzisha 2020, lakini ulikuwa wa Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Italia. Tanzania haikuwamo. Na hata ingekuwamo, video haikuwa yangu, ilikuwa kwenye akaunti ya yule dada. Nilikuwa maarufu kwenye simu ya mtu mwingine. Nikajaribu kumwambia kwa kifupi, nikaona uso wake unavyofunga. Alidhani namficha. Nililipa taslimu kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya buti.

Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa umaarufu wa mtu asiye na kitu. Pesa zako watu wameshazihesabu kabla hazijafika, na zisipofika wanakasirika kana kwamba umezifukia shambani. Mwenye nyumba alipandisha kodi Januari bila kunitazama usoni. Desemba kabla yake ndugu walirudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, kama Wachaga wanavyorudi kila mwaka, na nikaingizwa kwenye makundi ya michango ya harusi ya watu ambao undugu wetu ilibidi niulize kwa mama. Kwenye kundi moja mwenyekiti wa kamati aliandika, "Ndafu tumwachie staa wetu." Mbuzi mzima! Wakafuatisha vidole gumba thelathini na kitu. Niliahidi elfu hamsini, nikaitwa mchoyo, na hiyo elfu hamsini yenyewe niliazima.

Vizinga vya mjini, yaani kuombwa-ombwa pesa, unaweza kuvikwepa. Jina nilishindwa kulikwepa. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwezi wa kwanza, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza kutoka nyumbani kwenda mgombani alikochimbiwa. Njia ni ya mteremko, ilikuwa imenyesha, tunaenda kwa hatua ndogo ndogo. Nikasikia kijana nyuma yangu ananong'ona, "Usiliangushe, Mgumu Laini." Mwenzake akabana kicheko. Sikugeuka. Nilimlilia bibi baadaye, chooni, kwa sababu nilihofia kuna simu.

Ungedhani hayo yangenitosha. Ndio kwanza nikataka zaidi. Nilijiambia shida yangu ni kwamba umaarufu wenyewe ni mdogo, ukikua utaleta na pesa zake. Na mfano ulikuwapo. Februari 2022 kila mtu alikuwa anamzungumzia Kili Paul, kijana wa Kimasai anayefuatisha kwa midomo na kucheza nyimbo za Kihindi pamoja na dada yake Neema. Waziri Mkuu wa India mwenyewe, Narendra Modi, aliwataja kwenye kipindi chake cha redio. Watu wakawa wananitumia habari ile: "Unaona? Wewe unangoja nini?" Mwaka huo huo Kili Paul aliandika mwenyewe kwamba alivamiwa na watu watano na kushonwa nyuzi. Hiyo hakuna aliyenitumia, na mimi nilipokutana nayo niliipitisha kidole.

Nikaacha mlima, nikaenda Arusha kutoa wimbo.

Arusha ina heshima yake kwenye muziki. Nako 2 Nako na Weusi wametoka kule, na machalii wa kule wanaongea kama wanarapu hata wakinunua vocha. Nilipata kijana wa Sakina aliyejiita meneja. Studio ilikuwa chumba kimoja Ngarenaro, magodoro yamepigiliwa ukutani, ukifunga mlango unasikia jasho la wote waliotangulia. Pesa nilichukua kwa wale wa kausha damu: laki nane, kurudisha milioni moja na laki mbili kwa wiki nane. Laki tatu zikaenda studio, laki mbili video, zilizobaki meneja alisema ni za "kusukuma". Mtangazaji mmoja wa redio alisema wimbo ni mkali, unahitaji tu pesa ya maji. Alikunywa maji mengi yule bwana, na wimbo ulipigwa mara moja, saa tisa usiku.

Wimbo ulikufa. Kwenye video nilicheza kiuno kile kile, nimevaa miwani na cheni ya kuazima, bila mtungi. Komenti ya juu kabisa iliuliza: "Gesi imeisha?" Nilicheka kwa hasira, halafu nikaelewa kwamba aliyeandika yuko sahihi. Watu hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama kama mtungi utaanguka.

Meneja hakukata tamaa. Akaja na wazo la kiki. "Tunatangaza umepotea mlimani. Siku tatu. Unakaa kwa dada yangu Usa River, simu umezima, watu wanakutafuta, wanalia. Siku ya nne unaonekana, na wimbo tunauachia upya." Alilisema kama fundi anayependekeza rangi ya ukuta. Nikamwambia mama yangu ana presha, hawezi kukaa siku tatu akijua nimepotea. Akasema, "Presha ya mama ndiyo itakayoitrendisha." Nikachukua begi langu, nikapanda basi la Moshi. Njia nzima, kilomita kama 80, nilijiona mtu mwema sana. Nilikuwa nimekataa kumuumiza mtu kwa ajili ya kutazamwa.

Nilirudi mlimani mwisho wa 2022, nadaiwa, lakini simu ninayo. Na mlima wenyewe ulikuwa umebadilika. Agosti mwaka ule TTCL walikuwa wamefikisha mtandao Horombo, mita 3,720. Zamani ukitaka kumpigia mtu simu huko juu unatafuta jiwe fulani, unasimama kwa pembe fulani, unapiga kelele. Sasa mgeni anaongea na watoto wake kwa video, anawaonyesha mawingu yakiwa chini yake. Jambo zuri. Magaidi walilifurahia kuliko wote, maana kuomba msaada kukawa rahisi. (Gaidi ndivyo tunavyomwita mwongoza wageni mlimani, msishtuke.) Mimi nililifurahia kwa sababu zangu.

Februari 2023 tulikuwa na kundi la wageni wanane. Kwenye timu alikuwamo kaka mmoja wa Mwika, ananizidi miaka kama kumi na mitano, mtu wa maneno machache, mzigo wake haujawahi kuchelewa. Alianza kukohoa tukiwa Horombo. Tulimsikia usiku kucha, wote banda zima. Hakusema kitu, na sisi hatukuuliza. Mgumu akishushwa anapoteza siku zake na tipu yake, na Februari watoto wa mtu wameshafungua shule.

Asubuhi ya Kibo, wageni wakiwa wameshaondoka usiku wa manane kuelekea kileleni, nilimkuta nje ya jiko ameegemea jiwe. Anavuta hewa kama anainyonya kwa mrija ulioziba. Midomo imekuwa zambarau. Gaidi msaidizi akamvisha kidoleni kile kidude cha kupimia oksijeni, kikasoma 61. Akakohoa, akatema povu lenye rangi ya waridi kwenye changarawe, akalifunika kwa buti haraka kama mtu aliyeona aibu. Mapafu yalikuwa yameingia maji. Huko juu linampata yeyote, mgeni au mgumu, na hata kama oksijeni ipo, dawa ni kushuka, sasa hivi, bila kungoja.

Ikaletwa machela. Ile ya mlimani ina gurudumu moja katikati. Wawili wanashika mbele, wawili nyuma, wengine wanakaa pembeni wakiizuia isipinduke kwenye mawe, na mnabadilishana kwa sababu mikono inakufa ganzi. Kutoka Kibo mpaka Horombo ni kilomita kama kumi za uwanda mtupu wa vumbi na upepo. Tulikuwa tisa.

Mimi nilitangulia mbele, natembea kinyumenyume, nimeshika simu.

Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa nzuri. Watu wajue taabu ya wagumu. Kampuni zitulipe vizuri. Iwe kumbukumbu. Nilizungumza kwa ile sauti niliyojifunza Arusha: "Ndugu watazamaji, haya ndiyo maisha yetu…" Machela ikanasa kati ya mawe mawili, gaidi akapaza sauti, "Wewe, njoo ushike hapa!" Nikajibu, "Nakuja." Nimeitazama video ile mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Kati ya ile "nakuja" na simu kuzimwa zinapita sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo anaonekana kaka wa Mwika akigeuza uso pembeni, taratibu, kuukwepa mwanga. Au kunikwepa mimi. Yule dada wa Kijerumani aliniomba ruhusa kwa kiuno tu.

Horombo walimbadilishia mtungi wa oksijeni. Ilichukua dakika chache, na mtandao ulikuwa mzuri siku ile. Nikaipandisha.

Yaliyofuata niliyajua kwa vipande, baadaye. Mtu akaichukua video, akakata sauti yangu, akaweka wimbo wa maombolezo na maandishi: mgumu afariki Kilimanjaro. Sikuandika mimi hayo maneno. Nilijitetea kwayo wiki nzima mpaka nikachoka kujisikia. Ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, Mwika. Mke wake alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Jirani akaja akikimbia na simu, na shemeji akamwona mumewe amefungwa kwenye machela, blanketi mpaka kidevuni, macho yamefumba, mdomo zambarau. Kufikia saa tisa alasiri turubai lilishafungwa, mabenchi yamekuja kutoka kanisani, wanawake wanamenya ndizi. Saa hizo hizo yeye alikuwa kitandani hospitalini, oksijeni puani, akimuuliza nesi buti zake ziko wapi.

Habari za kweli zilifika usiku. Alilazwa siku nne. Aliporudi nyumbani alikuta mabenchi bado hayajarudishwa, na bibi mmoja jirani akakataa kumpa mkono mpaka amguse uso kwanza kwa vidole.

Video ile ilitazamwa kuliko ya mtungi. Milioni tatu na laki moja kabla sijaifuta, na kuifuta hakukusaidia kitu, nakala zilikuwa zimeshatapakaa. Nikiri na hili: hata nilipokuwa nimeshajua yote, hata mikono ikinitetemeka, nilikuwa nachungulia namba. Ilipopita milioni mbili, rekodi ya mtungi, kitu fulani kifuani kilifurahi. Kwa nukta moja. Nilikisikia.

Hakuna aliyenipeleka polisi. Sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilianza kutumika Mei 1 mwaka ule ule, na sijui ningejibu nini mbele yake. Adhabu yangu ilikuja kwa njia ya mlima. Kazi zetu hupigiwa simu usiku: "Kesho upo?" Simu yangu ikaacha kuita usiku. Gaidi mkuu wa safari ile hakunigombeza hata neno. Nilipompigia, alisema timu imejaa. Wiki iliyofuata pia ilikuwa imejaa. Mlimani mnalala kumi na wawili kwenye banda, mnakohoa, mnajamba, mnalia usingizini, na mtu anataka awe na hakika kwamba yanayotokea pale yanabaki pale.

Mama ndiye aliyesema niende Mwika. Mjomba akanichumia jani la isale. Kwa asiye wa kwetu, isale ndiyo mmea wa mipakani na makaburini, na mtu akikuletea jani lake kuomba msamaha huna ruhusa ya kukataa. Ni sheria ya wazee, nzito kuliko zote ninazozijua. Tulikwenda Jumapili mchana, mimi, mjomba, dumu la mbege na kilo tatu za sukari.

Kaka alitupokea vizuri kupita kiasi. Amekonda, anazungumza akipumzika katikati ya sentensi. Nikampa jani kwa mikono miwili, nikasema niliyokuwa nimejiandaa kuyasema, nusu nikayasahau. Akalipokea. Akamimina mbege kwenye kata, akanywa, akanipa nami nikanywa. Akasema, "Yameisha, mdogo wangu. Na wewe ulikuwa unatafuta, kama sisi wote."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni kwa jiko, kanga kiunoni, hajakaa tangu tufike. Isale haikataliwi, lakini haimzuii mtu kusema.

"Nina swali moja," alisema. "Walikuwa wangapi wanaoibeba ile machela?"

"Tisa, shemeji."

"Mimi nimewahesabu kwenye video. Wanane."

Mjomba akakohoa, akaangalia dumu. Kuku akapita katikati yetu. Shemeji akarudi jikoni, baadaye kidogo akatuletea ndizi na nyama, akaniwekea mimi sahani sawa na wengine, na hakunisemesha tena mpaka tunaondoka.

Ilichukua mwaka na zaidi kupata timu nyingine. Napanda sasa na kampuni ndogo, njia ya Rongai mara nyingi, nabeba kilo zangu 20. Akaunti sijaifunga. Ningependa kusema nimeifunga. Ina watu elfu sitini ambao hawajui kwamba wananifuata, na mara moja moja, masika, kazi hakuna, huifungua nikaona wimbo wangu umesikilizwa na mtu mmoja Msumbiji. Wageni wengine wananitambua. Wanasema cheza, na siku ya tipu nacheza, mtungi kichwani, mikono nimeiachia. Nikiona mwenzangu amekaa pembeni mwa picha na hajapendezwa, natua.

Deni la kausha damu nilimaliza Oktoba, baada ya kuuza pikipiki iliyokuwa bado haijakuwa yangu sawasawa. Aprili iliyopita mvua ilinyesha wiki tatu, safari zimekatika, nikaenda kwa Mangi. Nilizunguka duka mara mbili kabla ya kuingia. Nikaomba unga kilo mbili na nusu ya sukari, nikamwambia ni mpaka Juni.

Mangi akanitazama juu ya miwani kwa muda. Akavuta daftari, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe. Akaandika polepole, halafu akaligeuza daftari nione kama amepatia bei. Bei ilikuwa sawa. Juu yake, mahali pa jina, alikuwa ameandika: Laini.